Kisa Kisicho Changu

Barua ilikuwa bado na joto la mashine iliyoichapa. Birago aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe akawa anangoja kuulizwa.

"Ndugu Birago Asamoah, tunayo furaha kukupatia kazi ya uuguzi katika wodi ya watoto..." Mstari huo aliusoma mara nne, na kila mara alikwama pale penye furaha.

Ukiniuliza mimi, hapakuwa na mtu mji mzima wa Kumasi aliyestahili kucheza siku ile kuliko yeye. Miaka mitatu tangu amalize chuo na mwaka wa mazoezi, alikuwa nyumbani Bantama akingoja kupangiwa kazi, cheti kimetundikwa sebuleni, sare imekunjwa kabatini mpaka imeshika alama za mikunjo. Mchana alimsaidia mama yake kupima vitambaa sokoni, na wateja hawakuacha kumuuliza, "Nesi wetu, bado hujaitwa?" Leo, katika nyumba ya wageni pale Ahodwo, wasaili waliotoka Uingereza walimsikiliza dakika ishirini na tano, wakanong'onezana, wakamwambia asitoke. Mashine ikalia pembeni, wakampa barua mkononi. Waliomtangulia wote walikuwa wameambiwa, "Tutawaandikia."

"Dada, umewalisha nini wale?" msichana mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake barazani alimuuliza. "Mwenzio kabla yako katoka analia."

"Bahati tu," Birago alisema.

Haikuwa bahati, na alijua vizuri alichowalisha. Aliwalisha kisa cha Ntim.

Na Ntim, mwanamume aliyempenda tangu mwaka wa kwanza wa chuo, alikuwa ndani ya chumba kile kile wakati huo, mbele ya wasaili wale wale.

Zamu ile, kwa haki, ilikuwa ya Ntim. Asubuhi walifika pamoja, Ntim akapewa namba nne na Birago namba tano. Birago hakuweza kukaa kitini, na Ntim akamtazama kwa yale macho yake ya upole yanayomfanya mtu asahau alichotaka kusema. "Chukua namba yangu," alimwambia. "Ukikaa hapa kungoja utazimia bure. Nenda umalize, mimi nitakuja nyuma yako." Akamrekebishia kola, akampa na kalamu yake. Ndivyo alivyo Ntim.

Mule ndani mambo yalikwenda vizuri mpaka lilipokuja swali la saba. Aliyeuliza alikuwa Bi. Sarpomaa, Mwashanti mwenzao aliyeuguza Uingereza kwa miaka thelathini, mama mnene mwenye miwani ya kamba, ambaye tabasamu lake halikumfanya mtu alegee. "Tuambie siku uliyokosea kazini," alisema. "Na ulifanya nini baada ya kukosea."

Birago alikuwa na jibu lake. Aliwahi kuchelewa kuandika ripoti ya zamu. Kosa dogo, safi, halimuumizi mtu. Alipofungua kinywa, kikatoka kisa kingine.

Alisema alikuwa kwenye mazoezi katika hospitali ya wilaya, wodi ya watoto. Vitanda viwili vilivyokaribiana, watoto wawili wa kiume wa miaka minne. Wote wamezaliwa Jumamosi, kwa hiyo wote Kwame, na ukoo wote Boateng. Mmoja ana malaria, mwenziwe ana kifua. Akaingia zamu ya alfajiri na sindano ya kwinini, akaita, "Kwame Boateng?" Mtoto wa karibu akaitika, "Mimi." Akamchoma. Nusu saa baadaye mtoto wa kifua kalegea, sukari imeshuka, macho yamegeuka. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwona. Akakimbia mwenyewe kwa daktari akasema, ni mimi. Akakaa na yule mtoto mpaka alipoomba uji. Kisha akaenda kumwambia mama yake mtoto uso kwa uso, na yule mama akamzaba kofi mbele ya wodi nzima. Tangu siku hiyo, kwenye utepe wa mkononi wa kila mtoto, aliandika na jina la mama.

Bi. Sarpomaa alivua miwani. Mzungu aliyekaa pembeni yake aliacha kuandika. "Mtu anayesema ni mimi," mama yule alisema polepole, "ndiye ninayemtafuta."

Basi, barua ndiyo hiyo.

Simu ikatetemeka kwenye mkoba. Mama yake, Mama Afrakoma, asingeweza kusubiri hata kama angefungwa kamba.

"Niambie."

"Wamenipa, Mama. Hapa hapa. Barua ninayo."

Upande wa pili Birago akasikia mama yake akilia, kilio kidogo cha mtu aliyekizuia miaka mitatu. "Mungu hakulala," Mama Afrakoma alisema. "Ngoja nikae chini. Mwanangu, wewe. Na yule?"

"Ntim bado yumo ndani."

"Sikiliza nikuambie, na usinune. Ntim ni kijana mzuri, sijasema si mzuri. Lakini Jumamosi ukoo wake wanaleta kinywaji cha posa, na mjomba wako Dapaah atakuuliza mara tatu mbele za watu, tukipokee tusikipokee? Ukiitika mara zote tatu, umeshaolewa. Naye kama hana kazi, atafanya nini wewe ukiwa Ulaya? Akae kwao aangalie simu?"

"Mama, tutaongea nyumbani."

"Tunaongea sasa. Akipata barua kama yako, hiyo Jumamosi napika mwenyewe, kuku watatu, na nitamwita mkwe kuanzia mlangoni. Asipopata, mjomba akiuliza mara ya tatu, wewe nyamaza. Msichana akinyamaza hakuna anayemlazimisha. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Alikata simu, akageuza uso kuelekea dirisha la chumba cha usaili. Kupitia kioo alimwona Ntim mgongo tu, shati jeupe alilolipiga pasi mara mbili. Alikuwa ameinamisha kichwa. Birago akaomba kimoyomoyo wasimuulize swali la saba. Kisha akaona aibu kwa kuomba hivyo, maana alijua kuwa Ntim akiulizwa kosa, hana kisa kingine. Kile ndicho alichokuwa nacho. Alimsimulia yeye peke yake, siku moja jikoni kwa Mama Afrakoma wakitwanga mihogo ya fufu, akiwa amesimamisha mchi juu mpaka alipomaliza.

Mlango ukafunguka. Ntim akatoka akitabasamu kwa mdomo tu.

"Nionyeshe," alisema.

Birago akampa barua. Ntim akaisoma yote, mpaka sahihi ya chini, akaikunja kwa mkunjo wake ule ule na kumrudishia. "Hongera, Birago. Nilijua."

"Na wewe?"

"Wataandika."

Akatangulia kuelekea getini. Hakumshika mkono, na Birago hakuthubutu kuushika wake. Nje ya geti kulikuwa na mama anayechoma ndizi. Ntim akanunua mbili na karanga za kutosha, kwa sababu hata siku ya msiba asingeacha kumlisha. Wakakaa kwenye benchi la yule mama, moshi ukiwapita usoni.

"Lile la kosa walikuuliza?" Ntim alisema.

"Waliniuliza."

"Ukawaambia nini?"

Hapo, msomaji wangu, ndipo angeweza kuokoka. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Birago akatazama ndizi yake.

"La ripoti. Kuchelewa kuandika ripoti."

Ntim akamenya karanga moja, akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu. Akamenya nyingine.

"Hata lile kofi ulilichukua?" aliuliza.

Birago alihisi benchi limeondoka chini yake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake haikufika hata mwisho wa ndizi.

"Ntim..."

"Nakuuliza kofi. Kisa, sawa, mtu anaweza kuazima. Lakini yule mama alinipiga mimi. Shavu hili. Nililistahili, nikalipokea, na mpaka leo nikinyoa nalikumbuka. Umewaambia alikupiga wewe?"

"Nimewaambia."

"Ulilia ulipofika hapo?"

"Kidogo."

Ntim akacheka, kicheko kikavu kisichokuwa chake. "Mimi sikulia. Nilipofika kwenye wale Kwame wawili, yule mama akaweka kalamu. Akanitazama, akamtazama Mzungu wake. Akaniambia, 'Kijana, kisa hiki nimekisikia leo leo, kwenye kiti hicho hicho. Watu wawili hawawezi kumchoma mtoto mmoja. Ni cha nani?'"

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni chako."

Mama wa ndizi akazidi kupepea moto wake.

"Kwa nini?" Birago alinong'ona. "Kwa nini hukusema ni chako? Ni chako, Ntim. Ungewaambia."

"Ungekuwa wapi sasa hivi ningewaambia? Nimegeuka, nikakuona kwenye kioo umekaa barazani na barua mapajani. Miaka mitatu unakunja vitambaa vya watu. Nikasema, nimekisikia kutoka kwake, nikakitamani, nikakifanya changu. Wakaniambia hawachukui mtu anayedanganya habari za wagonjwa. Wakafuta jina langu. Mzungu alitumia na rula, mstari ukanyooka vizuri." Alifuta mikono kwenye leso. "Hilo limekwisha. Linalonikaa hapa ni jingine. Nimekuuliza sasa hivi, ukanidanganya na mimi. Kule ulikuwa na hofu. Hapa kwangu ulikuwa na nini?"

Birago alifikiri juu ya namba nne. Angebaki na namba yake tano, Ntim angeingia kwanza, kisa kingesimuliwa na mwenyewe, na barua ingekuwa mikononi mwa anayeistahili. Lakini Ntim alimpa zamu yake, kalamu yake, na sasa amempa na jina lake lipigwe mstari. Akajiona mdogo hata kwa yule mama wa ndizi aliyejifanya hasikii.

"Nilikuwa na aibu," alisema. "Nilitaka uendelee kunitazama kama ulivyonitazama asubuhi."

Ntim akageuza uso.

"Na Jumamosi?" Birago aliuliza.

"Jumamosi mama yako anajua atakalokuambia, na wewe unajua. Sina kazi, na sasa nimeandikwa mwongo. Nitamwambia baba asubiri kununua kinywaji. Nenda zako Ulaya, Birago. Sisemi kwa hasira. Nenda, sitamwambia mtu."

Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Ntim angemtukana, yeye angepumua. Ntim angepiga kelele hadi wapita njia wasimame, yeye angejitetea. Lakini mtu anayekusamehe huku akikuaga, utamshika wapi?

Birago akasimama. Akaweka ndizi yake kwenye benchi, haijaumwa hata mara moja.

"Usiondoke hapa," alisema.

"Unakwenda wapi?"

"Nakuomba, Ntim. Kwa zile siku zote ulizonipenda kabla ya leo. Usiondoke."

Barazani watu walikuwa wamepungua. Alibisha, na kabla hajajibiwa akabisha tena, maana alijijua. Angepewa nafasi ya kufikiri angerudi nyuma. Bi. Sarpomaa alikuwa akipanga mafaili kwenye sanduku.

"Umesahau kitu, mwanangu?"

"Nimekuja kurudisha, Mama." Aliweka barua mezani. "Kisa nilichowasimulia si changu. Ni cha Ntim, huyu aliyeingia baada yangu. Yeye ndiye aliyemchoma Kwame, yeye ndiye aliyekwenda kwa daktari, na kofi ni lake. Amewadanganya kwamba ni changu ili nisipoteze kazi."

Bi. Sarpomaa alivaa miwani yake, akamtazama kwa muda mrefu. Mzungu aliinua kichwa. Yule mama akamtafsiria kwa maneno machache, kichwa kikarudi chini.

"Nyinyi wawili mna nini?"

"Jumamosi angeleta kinywaji kwetu."

"Mhm. Na mimi nitajuaje kwamba sasa hivi hunidanganyi kwa ajili yake, kama alivyodanganya kwa ajili yako? Leo nimechoka kuzungushwa." Akagonga meza kwa kalamu. "Ulisema unaandika jina la mama kwenye mkono wa mtoto. Mama yake yule Kwame alikuwa anaitwa nani?"

Birago akafungua kinywa. Hakuwa nalo. Alijua umri wa mtoto, alijua namba za vitanda, alijua hata uji ulikuwa wa mahindi. Ntim alimsimulia kila kitu siku ile, naye hakuwahi kuuliza jina la mwanamke aliyempiga mpenzi wake.

"Sijui," alisema, na machozi yakamtoka bila kuombwa. "Yeye anajua."

"Mwite."

Ntim aliingia, akasimama karibu na mlango, hakumtazama Birago. Bi. Sarpomaa akamuuliza swali lile lile.

"Takyiwaa," Ntim alijibu mara moja. "Anauza samaki wa moshi. Kila Krismasi tunapigiana simu. Kwame sasa yuko darasa la pili."

Bi. Sarpomaa akaivuta barua ya Birago kwake. Hakuichana. Aliiweka ndani ya faili na kufunga kifuniko.

"Hii si adhabu, binti. Wodini kwangu mtu akisema ni mimi, nataka awe yeye. Kesho utanichomea mtoto, nitakuamini vipi?"

"Naelewa, Mama."

"Umerudi kwa miguu yako, hilo nimeliona. Mwakani tunakuja tena. Omba, na uje na kisa chako. Sasa unacho kimoja." Akamgeukia Ntim. "Wewe kaa chini. Nawe umenidanganya, na hilo tutalizungumza kwanza."

Birago akatoka, mikono mitupu.

Alikaa barazani kwa nusu saa ndefu kuliko ile miaka mitatu. Mama yake alipiga simu, akapokea.

"Nimeshamwambia mjomba wako," Mama Afrakoma alisema. "Soko zima linajua. Kuna mtu kaniletea soda."

"Mama, barua nimeirudisha."

"Umefanya nini?"

"Niliipata kwa kitu cha Ntim. Nimerudisha. Nitakueleza yote nyumbani, unipige ukitaka."

Sokoni, nyuma ya mama yake, mtu alikuwa akiita wateja wa vitenge. "Soda ya watu nimeshaifungua," Mama Afrakoma alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu mzee, na akakata.

Ntim alipotoka, alikuwa na karatasi mkononi, na Birago aliona hata kwa mbali kwamba bado ina joto. Alikuja taratibu, akakaa kwenye kiti cha pili, akaacha kimoja katikati yao.

"Wamekupa," Birago alisema.

"Wamenipa."

"Nimefurahi. Najua huniamini leo, lakini nimefurahi." Na kweli alifurahi, ingawa furaha yenyewe ilimkata. "Mama atakupikia kuku watatu. Alisema atakuita mkwe kuanzia mlangoni."

"Na wewe utasema nini, mjomba wako akikuuliza?"

"Nitaitika mara zote tatu. Hata mara kumi. Lakini Ntim, si mimi wa kuulizwa tena. Ni wewe."

Ntim akaikunja barua yake, akaitia mfukoni mwa shati. Kwa mara ya kwanza tangu kwenye ndizi, alimtazama usoni. Hayakuwa macho ya asubuhi. Lakini alikuwa anamtazama.

"Mila inamuuliza msichana tu," alisema. "Mwanamume anadhaniwa ameshajijua. Basi niulize mimi."

Birago akamgeukia. "Ntim, bado unanitaka?"

Hakujibu. Feni ya barazani ilizunguka, mlinzi wa getini alikohoa, na Birago akajua kimya kile amekistahili, akakipokea kama Ntim alivyopokea kofi lake.

"Ntim, bado unanitaka?"

"Naumia," Ntim alisema. "Hilo ndilo jibu langu la pili. Naumia sana, Birago."

Birago akafungua mdomo kuuliza mara ya tatu, lakini Ntim aliinua mkono. Alisimama, akakichukua kile kiti cha katikati, akakisogeza ukutani, akakaa kando yake, bega kwa bega, bila kumgusa mkono.

"Ya tatu usiniulize leo," alisema. "Niulize Jumamosi, mbele ya wazee, mimi nikiwa nimeshika kinywaji. Nikinyamaza, nitarudi nacho nyumbani. Ukiniona nakiweka mezani, utakuwa umejua."